Kikundi cha Ukoo wa Mtambwe: chakula cha Ami Faki

[20:14] Salma: Assalaam alaykum. Ile video niliyoweka mchana mmeiona? Alama za buluu nnaziona, majibu siyaoni. Nnarudia: Ami Faki aachishwe wali, boflo, muhogo na uji wa sukari. Ale nyama, mayai, samaki, samli, tui zito. Kansa inakula sukari. Tuinyime.

[20:15] Salma: Mchango elfu 20 kila mtu kila mwezi. Orodha:
1. Salma ✅

[20:31] Khamis: Nyama na samli kila siku? Yakhe, na mie nnaumwa. Niandikeni.

[20:32] Nassor: 😂😂 Huyu tangu harusi ya Konde anatafuta sahani ya pili

[20:33] Khamis: Kama ilikuwa yako ungeilinda

[20:35] Salma: Nyinyi watu! Dripu nyengine ya dawa ya kansa ni wiki ijayo, spitali ya Ocean Road, Dar. Hatuna muda wa mchezo.

[20:48] Rahma: Waalaykum salaam da Salma. Ndio kwanza natoka zamu. Kabla hamjamwachisha wali: Ami anameza vidonge vya kisukari, vile vya glibenklamaidi. Kidonge kile kinashusha sukari hata kama mtu hajala. Ukiondoa wali na kidonge kikabaki palepale, sukari itaporomoka usiku na Bi Mize atamkuta hazinduki. Asibadilishiwe chochote mpaka daktari wake aambiwe.

[20:49] Nassor: GOOOLI!!

[20:49] Khamis: Nani kafunga? Huku umeme umekatika

[20:52] Salma: Kwa hiyo Rahma yule profesa wa kwenye video muongo? Na yule Mjerumani mwenye Nobel?

[21:05] Rahma: Simwiti mtu muongo. Mjerumani ni Otto Warburg. Alichokiona miaka ya 1920 ni kweli, seli nyingi za kansa zinakula glukosi, yaani sukari, nyingi kuliko seli zenye afya. Lakini Nobel yake ya 1931 alipewa kwa kazi ya kimeng'enya cha upumuaji wa seli, si kwa kutibu kansa. Na mtu akinyimwa wali, ini linatengeneza sukari lenyewe, hata kutokana na hiyo nyama. Damu haikosi sukari.

[21:09] Rahma: Hichi chakula cha mafuta mengi kilianza Marekani 1921 kwa ajili ya kifafa, na watoto wenye kifafa kinawasaidia kweli. Kwenye kansa kimejaribiwa kwa vikundi vidogo, zaidi uvimbe wa ubongo, pamoja na mionzi na dawa, si badala yake. Wengine walishindwa kuendelea nacho. Hakuna utafiti mkubwa ulioonesha kuwa kinaponesha. Na ya Ami ni kansa ya utumbo mpana. Mwaka 2015 wakala wa utafiti wa kansa wa Shirika la Afya Duniani uliweka soseji na nyama za kusindika kwenye vitu vinavyosababisha kansa hiyo, na nyama nyekundu kwenye vile vinavyoelekea kuisababisha.

[21:10] Khamis: Soseji nimeacha leo. Kesho sijui

[21:14] Salma: Mie nataka apone. Kukaa kimya tulikaa, Bibi akatutoka. Mikarafuu iliuzwa kwa ajili ya matibabu yake na pesa hazikufika spitali. Wanaojua wanajua.

[21:15] Nassor: Usianze.

[21:15] Salma: Sijamtaja mtu.

[21:16] Nassor: Shamba lile lilikuwa na deni la msimu mzima. Stakabadhi ninazo. Nishasema mara ngapi?

[21:17] Mwanaidi: Ujumbe huu umefutwa

[21:18] Salma: Mwanaidi, umeandika nini ukafuta?

[21:40] Mwanaidi: Nipo na Shangazi Bi Time. Nimemsomea yote. Kaniambia niandike anavyosema:
"Faki ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni. Mnamkatia chakula na hakuna hata mmoja aliyemuuliza anakula nini. Mkewe yumo humu tangu magharibi anawasoma. Mikarafuu ya marehemu mama isitajwe humu tena mpaka niwaite nyumbani. Atakayesema na daktari ni Rahma. Mize, sema wewe."

[21:58] Bi Mize: Ahsante wifi. Nyama Ami yenu haisogelei. Tangu dawa anasema inanuka chuma, nikikaanga anatoka kukaa barazani. Maji baridi hayashiki, vidole vinamchonyota. Leo kala uji wa mtama nusu kikombe, yai moja, na changu wa kuchemsha, nikamtoa miba. Jioni kaomba wali. Nimempa. Kanzu yake ya Ijumaa inampwaya, nimeikunja mabegani nikaishona na bado. Mie nilitaka kuuliza hilo, anavyokonda.

[22:01] Rahma: Na mimi hilo ndilo linalonitisha. Akipungua zaidi dripu inaweza kuahirishwa. Bi Mize, mpe kidogo kidogo mara nyingi: mayai, samaki, tui, karanga za kusaga ndani ya uji. Mafuta na protini tuongeze, wali usiondoke. Kipimo cha sukari nampa dereva wa gari la Wete asubuhi, umpime kabla ya chai na kabla ya kulala.

[22:06] Salma: Shangazi nimesikia. Lakini samli nishanunua, imo kwenye boti ya kesho. Na la nyama tutalizungumza daktari akishajibu, sijaliacha. Mchango uko palepale, uwe wa samaki na nauli.
1. Salma ✅
2. Rahma
3. Khamis?

[22:07] Khamis: Elfu 10 mwezi huu, da Salma. Wallahi hali mbaya.

[22:09] Nassor: Nauli ya Ami na mtu mmoja nalipa mie. Usiitie kwenye orodha.

[22:10] Salma: Nitaitia.

[22:31] Ali Muscat: Poleni, nilikuwa kazini. Nimesoma juu juu. Niandikeni elfu 50. Daktari anapigiwa lini?

[22:33] Rahma: Jumatatu asubuhi.

[22:34] Salma: Na Dar anakwenda naye nani? Bi Mize ana watoto wa skuli. Nassor, umesema mtu mmoja. Mtu gani?

[22:52] Nassor: Kesho tutaona.