Nyuso zinafanana, nguo hazifanani: swali kuhusu wanawake wa Cranach

fundi_wa_bitana
Habari zenu wapendwa. Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Tanga, sasa nashona Dresden, Ujerumani. Nikipata nafasi naingia Gemäldegalerie Alte Meister, jumba la picha za kale, kumtazama mtu mmoja tu: Katharina wa Mecklenburg, mke wa Heinrich wa ukoo wa watawala wa Saksonia. Lucas Cranach, mchoraji Mjerumani, alimchora mwaka 1514, mzima mzima, kwa kimo cha mtu halisi. Picha ina urefu wa karibu sentimita 185. Nyuma yake giza tupu, miguuni kijibwa, na gauni la rangi nyekundu na dhahabu ambalo nikilitazama mikono inaniwasha. Naona mahali palipochanwa makusudi ili kitambaa cha chini kichungulie. Fundi aliyelishona alijua kazi, na aliyelichora aliangalia kila mshono.

Sasa tatizo langu. Mabinti watatu wa Katharina, Sibylla, Emilia na Sidonia, Cranach aliwachora pamoja karibu 1535. Picha iko Vienna, mimi ninayo nakala ukutani. Macho ya mshazari yale yale, kidevu kidogo kile kile. Wamefanana hivyo kwa damu, au ni mkono wa mchoraji?

mwalimu_wa_rangi
Dada fundi, damu ipo, lakini mkono upo zaidi. Nimefundisha uchoraji miaka mingi, na wanafunzi wangu wote huuliza hilo wakimwona Cranach.

Aliingia kazini kwa mtawala wa Saksonia, Wittenberg, mwaka 1505, akatumikia watawala watatu mfululizo. Hakuwa peke yake: alikuwa na karakana yenye wasaidizi, na wanawe wakafuata kazi hiyo hiyo. Mwaka 1533 alilipwa kwa jozi 60 za picha ndogo za watawala wawili. Jozi 60! Kwa wingi huo mchoraji hawezi kumkalisha mtu upya kila mara. Sura inachukuliwa kwenye karatasi, kisha karatasi ndiyo inayofuatwa. Kwa wanawake aliongeza jambo jingine: alipunguza vivuli usoni, ngozi ikawa laini kama yai. Ukishaondoa kivuli, umeondoa nusu ya kinachomtofautisha mtu na dada yake.

msomaji_wa_Paris
Linganisheni na Holbein, mchoraji mwingine Mjerumani wa wakati huo. Cranach alimchora Sibylle wa Cleves, dola ndogo ya Ujerumani (si yule Sibylla binti wa Katharina), mwaka 1526, mchumba wa miaka 14, nywele zimeachiwa, kichwani taji la bibi harusi. Mdogo wake Anne alichorwa na Holbein mwaka 1539, maana mfalme Henry VIII wa Uingereza alikuwa anatafuta mke. Picha iko Louvre, jumba la makumbusho la Paris: Anne anakutazama moja kwa moja, na vazi limemfunika kama ngome. Wajumbe wa Uingereza walikuwa wamelalamika kwamba mavazi ya Cleves yanaficha sura na umbo la mabinti.

Ndoa ilifungwa Januari 1540, Julai ikabatilishwa. Watu humlaumu Holbein kwamba alimpamba Anne. Mimi sikubali. Mwaka ule ule aliyekatwa kichwa ni Thomas Cromwell, waziri wa mfalme aliyeisukuma ndoa hiyo, Holbein hakuguswa.

fundi_wa_bitana
Mwalimu, shikamoo, na asanteni wote. Sasa naelewa kwa nini macho yangu hukimbilia nguo kwanza. Hata glavu: Cranach amewachora wanawake wengi na glavu zilizokatwa kwenye vidole ili pete zionekane. Hilo si pambo la mchoraji, ni mtu aliyetaka pete zake zihesabiwe. Mama yangu, aliyenifundisha kushona, alikuwa akiniambia nimsome mteja mabegani kabla ya usoni.

Nimeamua kuushona mkono wa gauni la Katharina. Naanza na kitambaa cha bei ndogo, nione ile michano inakaaje, kabla sijagusa hariri.