Naomba ushauri: vipimo vya usalama wa taarifa, kipi kipewe uzito zaidi?

Habari zenu wakuu. Nasimamia mifumo ya kompyuta kwenye SACCOS moja hapa Tanzania. Bodi inataka kila robo mwaka ipewe alama moja tu ya usalama wa taarifa, kwa asilimia.

Vipimo ninavyo: muda wa kuweka viraka (masasisho ya kuziba mianya ya programu) tangu vitoke, akaunti za walioacha kazi ambazo bado ziko wazi, nakala rudufu, na mahudhurio ya semina za usalama. Shida ni uzito. Meneja anataka vyote vilingane, mimi siafiki kabisa. Mtu kaacha kazi na nywila yake bado inafungua mfumo wa mikopo, hilo utalilinganishaje na semina? Tena wastani unaficha mambo. Seva 19 zikiwa na viraka na 1 yenye taarifa za wanachama haina, ripoti itasoma asilimia 95, wakati hatari yote imekaa kwenye hiyo moja.

ISO/IEC 27004 ya 2016, mwongozo wa kimataifa wa kupima usalama wa taarifa, inaeleza namna ya kujenga kipimo, ila uzito unapanga mwenyewe.

Nafikiria kuweka sharti: kipimo nyeti kikianguka, alama ya jumla isivuke 50 hata vingine vikiwa vizuri. Kuna aliyefanya hivi na bodi ikamwelewa? Uzito mliupanga TEHAMA peke yenu, au mlikaa na watu wa mikopo na uhasibu? Na nakala rudufu, mnahesabu zilizochukuliwa au zile tu zilizojaribiwa kurejeshwa zikafunguka?

Natanguliza shukrani.