Mafundi wa mabango Moshi, herufi za mapambo mpaka kwenye lipa namba?!

Wakuu, habari za jioni. Leo nina hasira, mnivumilie.

Nina duka la pembejeo na dawa za mifugo hapa Moshi, pande za Mbuyuni. Nikampa kazi dizaina mmoja wa mjini (simtaji, anajijua): bango la juu ya mlango na stika ya kioo. Nilimwambia wazi, aliye barabarani asome bila kusimama. Akaniletea zile herufi nene zenye vijiguu na madoido, upande mmoja umenona, upande wa pili uzi mtupu. Jina la duka sikatai, limependeza kweli. Balaa ni kwamba fonti hiyohiyo kaishusha mpaka chini: simu, lipa namba, hadi "HATUKOPESHI".

Iangalieni ile 3. Ncha zake zina vidonge vinene vinavyokaribia kugusa tumbo, na ikiandikwa ndogo nafasi inazibika. Rudi nyuma kidogo tu, unasoma 8. Mama mmoja kaingiza lipa namba, likatokea jina la mtu asiyemjua. Bahati yake alisoma kabla ya kuweka namba ya siri. Akaniangalia kama tapeli!

Stika ndiyo kichekesho. Mashine ikishakata, kijana anabandua mabaki kwa mkono, na ile mistari myembamba inaondoka nayo. Iliyosalia ikamalizwa na jua na vumbi. Kile kijiti cha katikati ya H kilikuwa uzi, kimekwenda. Sasa kioo changu kinasema "IIATUKOPESIII". N nazo zimebaki mstari mmoja mnene wa mshazari, kwa hiyo mbegu za nyanya kila mtu anazisoma anavyojua.

Na wala fonti yenyewe haina kosa. Herufi nene za namna hii zilishika kasi London mwanzoni mwa karne ya 19, kwenye matangazo ya bahati nasibu na mabango ya kubandikwa ukutani: maneno machache, makubwa, mtu ageuke. Fonti ya Cooper Black, ya mchora herufi Oswald Cooper wa Chicago, ya mwaka 1922, ni nene vilevile lakini haina nyuzi, imejaa kote na kona zake zimeviringwa. Ningepewa hiyo kwenye jina nisingekuja kulalamika hapa. Ile fonti ya Algerian ya kila kadi ya mchango na kila cheti cha semina, iliyotoka kiwanda cha herufi za chapa cha Stephenson Blake kule Sheffield, imebeba kivuli chake na herufi ndogo haina, yaani nayo ni ya maneno machache. Lakini kuna watu wanaiandikia ratiba nzima ya harusi!

Nilipomrudia akanijibu: "Mzee wangu, hiyo ndiyo ya kisasa, watu wa hoteli wanaipenda." Hoteli! Mgeni wa hoteli anasoma ubao kakaa, kahawa mkononi. Mteja wangu kashuka kutoka Old Moshi, ana dumu begani na anawahi gari la kurudi. Halafu eti kurekebisha nilipie upya.

Nani anamjua fundi Moshi, hata Arusha nitafika, anayeweka namba kwa herufi nene za kawaida bila kubishana? Atume picha ya kazi iliyokwisha kukaa juani. Za kwenye kompyuta sizitaki. Na yule bwana pesa ya stika ya pili asahau.