Timu ya chuo inayofungwa kila wiki: pesa kidogo ziende kwa wachezaji wa kuhamia, vijana wa mtaani, au majukwaani?

Tanga_Ohio (mwanzisha uzi), 15 Desemba 2025

Wakuu, salaam.

Niko kaskazini-mashariki mwa Ohio, huu ni mwaka wa 14. Chuo nilichosoma sikitaji, ila anayeijua MAC, ligi ya vyuo vidogo vya huku, ile inayochezwa Jumanne na Jumatano usiku mwezi Novemba ili ipate nafasi kwenye televisheni, ameshaielewa baridi ninayoisema. Timu yetu ya futiboli ya Kimarekani imeoza. Mechi ya mwisho nyumbani, kufika robo ya nne, safu yangu nzima tulikuwa watatu: mimi, mzee mmoja, na mjukuu wake ambaye alikuwa amelala.

Wahitimu tumejikusanya, tumechanga. Fungu lenyewe dogo. Kamati imegawanyika mapande matatu na tunakutana tena Jumamosi.

Wa kwanza wanataka pesa ziende kwenye dirisha la uhamisho, ambalo safari hii ni moja tu, tarehe 2 hadi 16 Januari. Aletwe kwotabeki, yule mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, na miamba wawili watatu wa kumlinda. Wa pili wanataka vijana wa sekondari za jirani, mwendo wa saa 2 kwa gari kutoka chuoni. Wa tatu wanasema uwanja kwanza: mabasi ya wanafunzi, nyama ya kuchoma kwenye maegesho, tiketi za familia za bei ya chini.

Mimi ni wa kundi la tatu. Kijana anapoletwa kutembezwa chuoni siku ya mechi, anaangalia majukwaa kabla hajamwangalia kocha. Ukimwonyesha viti vitupu umeshampoteza. Nawasilisha, mnikosoe.

GeitaBoy

Mkuu, sisi tulioko nyumbani tutafsirie kidogo. Mwanafunzi anahamaje chuo kama mchezaji wa ligi kuu? Ada yake je?

Tanga_Ohio

Mdogo wangu, hata wenyeji wa hapa wanachanganyikiwa. Zamani ukihama chuo ulikaa benchi mwaka mzima kama adhabu. Mwaka 2021 NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo, wakaruhusu kuhama mara moja bila kukaa, na 2024 wakafungulia kabisa: hama utakavyo, mradi masomo yako yako sawa. Mwezi Julai 2021 pia waliruhusu mchezaji alipwe kwa kutumia jina na sura yake, kwenye matangazo na kadhalika. Halafu tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, kikomo cha mwaka wa kwanza ni kama dola milioni 20.5 kwa chuo. Vyuo vikubwa vinakigusa kikomo hicho. Sisi tunauza fulana.

Mkamba_Bloomington

Tanga, na heshima zote, umeshika mkia ukauacha mwili. Mimi naishi Bloomington, Indiana. Nimeyaona kwa macho.

Indiana ndiyo timu iliyokuwa imepoteza mechi nyingi kuliko nyingine yoyote ya daraja la juu. Chuo cha mpira wa kikapu hiki; futiboli ilikuwa kisingizio cha kunywa bia maegesho, kisha watu wanarudi nyumbani kabla ya mapumziko. Kwa hiyo hiyo nyama choma yako sisi tulikuwa nayo miaka yote, na ndani ya uwanja mlikuwa hamna mtu!

2023 walishinda 3, wakafungwa 9. Mwishoni mwa Novemba akaja kocha Curt Cignetti kutoka chuo cha James Madison. Hakuanza na mabango. Alikuja na wasaidizi wake na wachezaji 13 wa kule kule alikotoka, watu wanaojua mfumo wake usingizini, akaongeza kwotabeki Kurtis Rourke kutoka chuo cha Ohio, hapo MAC kwenu. Msimu wa 2024 wakashinda 10 mfululizo kuanzia ya kwanza, wakamaliza 11 kwa 2, yaani kushinda 11 na kufungwa 2. Chuo hiki kilikuwa hakijawahi kushinda mechi 10 katika msimu mmoja tangu kiumbwe. Purdue, watani wao wa jadi, walikula 66 kwa 0. Tiketi zikaanza kutafutwa kwa tochi.

Mwaka huu tena, kwotabeki Fernando Mendoza katoka chuo cha California, wameifunga Ohio State 13 kwa 10 kwenye fainali ya Big Ten, ligi ya vyuo vikubwa, hawajapoteza hata moja, na juzi Jumamosi Mendoza kapewa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Sasa niambie ni basi gani la wanafunzi lingeleta hayo.

Shabani_Denver

Mkamba unasimulia harusi, hujasimulia talaka. Njoo huku Colorado.

2022 tulishinda 1, tukafungwa 11. Desemba akaja kocha Deion Sanders. Mji ukarukwa na akili. Ile mechi yao ya mazoezi ya Aprili 2023, mazoezi jamani, na theluji inaanguka, walifika watu 47,277. Tiketi za msimu zikaisha. Alifagia karibu kikosi kizima akaleta wa kuhamia. Mechi ya kwanza wakaifunga chuo cha TCU 45 kwa 42, tukaona tumefika. Mwisho wa msimu: 4 kwa 8. 2024 ikawa tamu kweli, 9 kwa 4, na Travis Hunter akachukua Heisman. Hunter na mtoto wa kocha wakaenda zao NFL, ligi ya kulipwa. Mwaka huu tumeshinda 3, tumefungwa 9.

Sisemi alikosea. Alituokoa. Ila kikosi cha kuazima kinarudishwa, na kila Januari unaanza kuchanga upya. Indiana wana wafadhili wa kuchanga kila mwaka. Kamati ya Tanga inao? Ukileta kwotabeki mzuri MAC, akicheza vizuri miezi mitatu, Big Ten wanamchukua. Huyo Rourke aliyetajwa hapo juu si alitoka kwenu?

Mkamba_Bloomington

Tofauti ni kwamba Cignetti hakununua majina. Alichukua watu waliokwisha kucheza pamoja na kushinda pamoja. Hilo hata fukara anaweza: badala ya kumwangalia nyota wa akiba wa chuo kikubwa, mwangalie aliyekwisha kuanza mechi 30 chuo kidogo.

Bukavu_BG

Ndugu zangu, hapo Mkamba ana haki. Mimi niko Bowling Green, Kentucky, tuko Wakongomani na Warundi wengi sana hapa. Chuo chetu cha Western Kentucky kilifanya hivyo 2021: kilimtoa kwotabeki Bailey Zappe chuo kidogo cha Houston Baptist, pamoja na kocha wake wa mashambulizi na mpokeaji wake wa pasi Jerreth Sterns. Zappe akarusha tachidauni 62 (pasi za kufunga) kwa msimu, rekodi ya daraja la juu. Mwaka uliofuata alikuwa NFL. Kwa hiyo na Shabani ana haki.

Lakini mimi nataka kusema juu ya kundi la pili, hawa vijana wa jirani, maana naona wote mnaliruka.

Kijana wa dada yangu alifika huku na miaka 9, kutoka kambini. Leo ana miaka 17, mwili kama mlango. Kocha wa sekondari alimtoa kwenye soka akamtia futiboli. Makocha wa chuo fulani, si cha hapa, walikuja nyumbani. Walikaa kwenye kiti, wakasema Kiingereza chao cha mbio kwa dakika 40, wakaacha kofia. Dada yangu akaniuliza, "Hawa watu wanamtaka mtoto kwa jeshi?" Hakuna aliyemwambia ufadhili unalipa nini, akivunjika mguu nani anatibu, Jumapili ya ibada inakuwaje. Walirudi mara ya pili akakataa kufungua.

Tena kuna jambo la masomo. Ili ucheze Daraja la Kwanza unatakiwa masomo ya msingi 16 ya sekondari na wastani wa 2.3 kati ya 4. Madarasa ya kuanza Kiingereza hayahesabiwi humo. Mtoto wa mkimbizi anaweza kupoteza mwaka mzima bila kujua, na mzazi anajua siku ya mwisho. Kamati ikimlipa mtu mmoja anayejua Kiswahili, Kinyarwanda, Kisomali, au Kispaniola kwa wale wengine, aketi na wazazi tangu mtoto akiwa darasa la 9, hiyo ni pesa ndogo kuliko kwotabeki. Na mtoto huyo akicheza kwenu, uwanjani hatakuja peke yake. Sisi tunakuja magari sita.

Mama_Neema_Birmingham

Bukavu, hiyo ya magari sita nimecheka mpaka mume wangu kaniuliza kulikoni. Ni kweli kabisa.

Mwanangu Tanga, kundi lako la majukwaa nalitetea mimi peke yangu naona. Nipo Birmingham, Alabama. Desemba 2014 chuo chetu cha UAB waliifuta timu ya futiboli. Wakasema gharama. Na hapo timu ilikuwa imetoka kumaliza 6 kwa 6, haikuwa mbovu hata! Watu waliingia barabarani, wafanyabiashara wa mji wakachanga, wanafunzi wakapiga kelele. Ilipofika tarehe 1 Juni 2015 wakairudisha. Kocha Bill Clark alikubali kubaki, na wapo wachezaji waliofanya mazoezi misimu miwili, 2015 na 2016, hawana mechi hata moja. Waliporudi 2017, siku ya kwanza pale Legion Field tulikuwa zaidi ya 45,000. Msimu ule wakashinda 8, mwaka uliofuata wakachukua ubingwa wa ligi yao.

Kwa hiyo usiniambie mashabiki hufuata ushindi tu. Sisi tulikuja kwa sababu walitaka kutunyang'anya kitu chetu. Lakini nikuambie ukweli pia, ule moto haukai. Kocha Clark aliondoka 2022 kwa maradhi ya mgongo, timu ikashuka, na watu wakapungua.

Halafu mambo madogo: vyoo vya akina mama. Foleni ya dakika 25 na mtoto mdogo mkononi, mimi sirudi hata mkicheza na vigogo wa chuo cha Alabama.

Kipara_wa_Kansas

Nimesoma kimya, sasa niseme. Wote mmeongelea nani anacheza na nani anaangalia. Hakuna aliyeuliza mnacheza na nani.

Chuo cha Kansas State, 1988. Mechi 27 hawajashinda, sare moja tu humo ndani. Gazeti la michezo la taifa liliwaandika kama chuo kibovu kuliko vyote nchini. Anakuja kocha Bill Snyder, msimu wa kwanza 1989 anashinda mechi moja, dhidi ya North Texas, 20 kwa 17. Watu wakasherehekea kama ubingwa. Kisha ushindi 5, kisha 7, ikarudi 5, kisha 9 mwaka 1993. Kufika 1998 walimaliza msimu wa kawaida bila kufungwa.

Alifanyaje? Wachezaji aliwatoa vyuo vya miaka miwili, ambavyo Kansas vimejaa: Butler, Coffeyville, Garden City, Hutchinson. Wakubwa walividharau, yeye akaviokota. Michael Bishop, kwotabeki wa ile 1998, alitoka Blinn, Texas, chuo cha aina hiyo hiyo. Lakini la pili ndilo walilomsema sana: nje ya ligi alipanga wapinzani dhaifu, nyumbani. Walimcheka. Yeye alijua timu inayojifunza kushinda inahitaji mtu wa kumshinda, na shabiki anayejifunza kuja anahitaji Jumamosi mbili tatu za kurudi nyumbani akiwa na furaha kabla ligi haijamchapa.

Sasa tazama MAC. Vyuo vyenu vinaenda ugenini kwa wakubwa kupigwa kwa malipo, mechi moja zaidi ya dola milioni. Kent State 2024: Tennessee 71, wao 0. Wiki iliyofuata Penn State 56, wao 0. Ile ya Tennessee ilikuwa 65 wakati wa mapumziko! Msimu mzima hawakushinda hata moja. Kijana anayeona hayo kwenye simu yake, utampa nyama choma gani?

Shabani_Denver

Mzee Kipara, lakini hizo dola milioni ndizo zinazolipa mishahara ya makocha wa timu ya kuogelea. Chuo hakitaziacha.

Kipara_wa_Kansas

Sijasema waache zote. Wauze moja, si mbili au tatu. Na hiyo moja isiwe ya kwanza. Kamati ya wahitimu haiwezi kumnunua Mendoza, lakini inaweza kumkera mkurugenzi wa michezo kwa barua kila mwezi. Kukera ni bure.

Mkamba_Bloomington

Snyder alipewa miaka mitano ya kujikongoja. Siku hizi kocha akishinda 1 na 5 na 5 anafungashiwa virago, na wachezaji wake wazuri wote wameshahama kabla ya hapo.

Kipara_wa_Kansas

Kweli. Ndiyo maana ratiba ina uzito zaidi leo kuliko enzi zake.

Tanga_Ohio

Wakuu, nimeandika kila kitu kwenye daftari. Msimamo wangu umeyumba, sioni aibu kusema. Jumamosi nitapendekeza hivi: dirisha la Januari kamati isitie mkono, kocha atafute mwenyewe hao waliocheza mechi 30 vyuo vidogo, maana kwa fungu letu tutamtia aibu tu. Pesa nyingi ziende kwa Bukavu, yaani kwa huyo mtu wa kuketi na wazazi. Hapa Akron na Cleveland tuna familia za Kongo na Burundi, na Wanepali nao wengi, na sijawahi kumwona hata mmoja wao jukwaani kwetu. Mabasi ya wanafunzi naomba yabaki, hilo nitalipigania, na vyoo vya Mama Neema nimevipigia mstari.

Bukavu, nitakutumia ujumbe faraghani. Nataka maswali yote ambayo dada yako angewauliza wale makocha, kwa maneno yake mwenyewe.

Bukavu_BG

Yako mengi. La kwanza: nani atampikia?

Kipara_wa_Kansas

Na ratiba ya 2026, Tanga? Umeiangalia?

Tanga_Ohio

Nimeiangalia sasa hivi. Imeshauzwa. Septemba, ugenini, wiki mbili mfululizo.