Tupeane uzoefu: nani aliwahi kuona picha Majestic ya Vuga, au senema nyingine ya zamani?

Fundi_Lipu
Asalaam alaykum wanajamvi. Mimi ni fundi wa lipu, na riziki yangu ni majumba ya Mji Mkongwe. Juzi nimepita Vuga nikasimama mbele ya Majestic muda mrefu mpaka muuza kahawa akaniuliza kama nimedondosha kitu.

Kwa wasiolijua: pahala pale kwanza palikuwa na Royal, iliyofunguliwa 1921. Mwenyewe alikuwa Hassanali Adamji Jariwalla, na aliyechora ramani ni John Sinclair, Mwingereza yule yule aliyechora Beit el Amani, jumba la makumbusho pale Mnazi Mmoja. Baadaye ikaitwa Majestic, ikaungua moto, ikajengwa upya na kufunguliwa 1955. Ramani ya mara hii ilikuwa ya Dayalji Pitamber Sachania, kwa mtindo wa Art Deco, ule wa mistari iliyonyooka na maumbo ya kijiometri. Hilo ndilo jengo tunaloliona leo, na Hifadhi Zanzibar, taasisi ya kuhifadhi majengo ya zamani, wanahangaika kulifufua.

Sasa neno la kifundi kidogo. Nyumba za mawe ya matumbawe ukizipaka saruji unaziua taratibu, maana unyevu na chumvi vinafungiwa ndani ya ukuta. Zinataka chokaa iliyolowekwa ikaiva, ukuta upumue. Lakini jengo la 1955 lina zege na nondo, na maradhi yake ni mengine: hewa ya bahari inakula nondo, kutu inavimba, zege linapasuka na kubanduka. Hapo hata ulete chokaa ya mwaka mzima hupati kitu. Lazima uchimbe mpaka uione nondo nzima.

Hayo nayajua. Nisiyoyajua ni ya watu. Ramani inakuonyesha ukuta, haikuonyeshi nani alikaa wapi. Mimi nimezaliwa senema zikiwa zinakata roho. Tuambieni.

UmmuSalim, Muscat
Mama yangu ana themanini na ushei, kazaliwa Malindi. Nimemsomea uzi huu akacheka peke yake kabla hajanijibu. Anasema raha yake haikuwa picha, ilikuwa maonyesho ya mchana ya wanawake peke yao. Siku mbili kabla, nyumba nzima inanuka udi. Mnatoka kwa makundi, mabuibui juu, gauni jipya chini, na mkishaingia ndani mabuibui yanavuliwa yanawekwa mapajani. Mwanamume pekee mle ndani ni mwendesha mashine, naye kafungiwa chumbani kwake huko juu.

Picha za Kihindi, wakilia wote pamoja. Kihindi hakuna aliyekijua, lakini hakuna aliyepitwa na neno. Mama anasema wiki nzima baadaye mafundi cherehani walikuwa taabuni, kila mmoja anataka mkono wa gauni kama wa yule binti wa kwenye picha.

Nimemuuliza kama angependa lirudi. Kaniambia: "Waulize viti watavipanga vipi, miguu yangu haikunjiki tena."

Kariakoo_74
Dar nasi tulikuwa nazo: Empire, Odeon, Avalon, Empress, Chox. Ila mimi ni mtoto wa Drive-In, ile ya Msasani ambapo sasa upo ubalozi wa Marekani. Gari hatukuwa nalo. Sauti ilikuwa kwenye spika unayoning'iniza dirishani mwa gari, kwa hiyo sisi wa nje ya uzio tuliona picha bubu. Kaka yangu ndiye aliyekuwa akitunga maneno. Nilipokuja kuiona moja ya zile picha ukubwani, pamoja na sauti yake, niliona kabisa kuwa hadithi ya kaka ilikuwa bora.

Na stelingi hafi! Hilo tulilijua hata bila spika.

Dada_wa_Ngara
Huku Nairobi mfano wetu ni Kenya National Theatre. Ilifunguliwa 1952, enzi za mkoloni, ikakarabatiwa na kufunguliwa upya 2015. Mimi nimecheza jukwaani humo kabla na baada. Kabla: viti vinalia, taa moja inazimika ikijisikia, na jasho lako linamfikia aliye mstari wa mbele. Baada: taa safi, sauti safi. Siku ya kwanza nilisema mstari wangu kwa nguvu za zamani, mwenzangu akaninong'oneza, "Punguza, hapa sasa wanasikia."

Lakini niseme ukweli, nimewahi kuwa na kikundi, tukataka ukumbi fulani mjini uliokarabatiwa, tukapewa bei tukarudi kufanyia mazoezi kwenye gereji ya mjomba. Kwa hiyo Fundi, nondo sawa. Ila ulizia na tiketi itakuwa shilingi ngapi. Isije ikawa watalii wanapiga picha, na mtoto wa Vuga anauza njugu nje.

Fundi_Lipu
Dada, hilo ndilo linaloninyima usingizi, ingawa si kazi ya mwiko wangu. Wazee wananiambia Jumapili jioni ndiyo ilikuwa siku yenyewe, mji wote nje, tajiri na hamali foleni moja, tiketi zikiisha walanguzi wanapandisha bei. Empire ya Darajani leo ni duka kubwa la vyakula. Naingia kununua sukari, naangalia juu.

Kipanga
Mimi wa video tu. Televisheni ilipoingia Unguja, na baadaye mikanda, baba aliacha kwenda senema. Sina cha kuhadithia.

Ila kuna hiki. Nyumbani kwetu Ng'ambo kuna kiti cha kukunja cha mbao, chuma ubavuni, namba 43 nyuma. Kilitoka kwenye moja ya senema za mjini zilipofungwa, babu alikinunua. Bibi anakikalia kila siku akichambua mchele. Fundi, nikilete?

Fundi_Lipu
Usikiguse! Piga picha ya namba na ya zile skrubu, nipimie upana. Kiti mwachie bibi.

Kipanga
Sentimita 46. Kasema nipime haraka, mchele unamwagika.