Nusu kwa nusu ya dhahabu, we umeiona wapi?

Kisima cha Kale:
Wakuu habari za jioni. Leo nimepita Kahama nikakumbuka sakata la makinikia, nikaona nililete hapa. Kwa waliokuwa wadogo: Machi 2017 Magufuli alizuia mchanga wa madini usitoke nje, makontena 277 yakabaki bandarini Dar, kamati ya Prof. Mruma ikasema dhahabu iliyomo humo ni nyingi kuliko iliyoandikwa kwenye makaratasi, Acacia, kampuni iliyokuwa na migodi hiyo, wakakataa katakata. Julai wakapelekewa bili ya dola bilioni 190. Oktoba Barrick wenyewe, kampuni mama ya Acacia, wakaja mezani, tukatangaziwa 16% ya hisa bure, faida nusu kwa nusu, na dola milioni 300 ambazo wote tuliziita kishika uchumba. Mi nauliza kwa uchungu kabisa, tulishinda au tulizungukwa tena? Watu walitaniana kwa hela hiyo kila mmoja atapata gari lake la Noah, mi sikucheka, nilikuwa naamini.

MwanaHesabu:
Kisima, hiyo bilioni 190 ndo inawapoteza watu. Bilioni 40 kodi, 150 riba na faini, na kampuni lenyewe lote ukiliuza sokoni halikuwa linafika hata bilioni 10. Utakamuaje maziwa kwa ng'ombe ambaye hayupo? Ile bili ilikuwa ya kuwaleta mezani na walikuja. Milioni 300 walianza kulipa, 100 mwaka 2020 halafu 40 kila mwaka. Tatizo langu mimi ni mrabaha, ile asilimia ya thamani ya madini serikali inayochukua, 4% ni kidogo mno kwa dhahabu.

Mstaafu wa Mwadui:
Mwanangu 4% ni ya sheria ya 2010. Kabla ya hapo ilikuwa 3% kwa sheria ya 1998. Tangu 2017 ni 6% na juu yake 1% ya ukaguzi. Ukishika namba zishike vizuri, maana hizi namba watu wameumia kwa ajili yake. 2007 mkataba wa mgodi wa Buzwagi ulisainiwa London, Karamagi akiwa waziri wa madini, mbunge Zitto Kabwe alipouliza bungeni akasimamishwa. Kwa kuuliza tu. Sasa ninyi mnaosema 2017 haikuleta kitu hamkumbuki tulikotoka, mkataba wa madini ulikuwa siri hata kwa mbunge.

Nzega Mjini:
Mi nitasema ukweli hata kama unauma. Tumezoea kulaumu wazungu. Kampuni inaleta mitambo, inaleta ajira, inalipa kodi, sisi tunafanya nini? Angalia Nyamongo, kule kwenye mgodi wa North Mara, usiku watu wanaruka ukuta kuiba mawe, mchana wanajenga nyumba za tegesha wapate fidia ya bure. Mwizi ni mwizi tu. Wakurya na vurugu ni pete na kidole.

Mtoto wa Nyamongo:
Nzega umeniudhi na nitakujibu. Kwanza futa hilo neno. Babu yangu alichimba dhahabu kwa sururu Nyamongo kabla hujasikia jina la North Mara, na alikuwa anaiuza mchana kweupe, hakuna aliyemwita mwizi, mwizi alianza kuitwa siku leseni ilipopewa mtu mwingine juu ya ardhi ileile. Hiyo unayoita kuiba ni kijana anaingia kwenye kifusi cha mawe ambayo mgodi wenyewe umeyatupa, anaokota, anasaga. Geita wanayaita magwangala na huko serikali iliwahi kukaa na mgodi kuzungumza wananchi wapewe hayo magwangala. Geita ni maombi ya wananchi, Nyamongo ni wizi, tofauti ni nini?

Halafu hao intruda, wanaoingia mgodini bila ruhusa, adhabu yao imekuwa risasi. Mei 2011 polisi waliua watu watano kwa siku moja pale mgodini. Familia zikaenda hadi mahakama ya London, 2015 wakamalizana nje ya mahakama, masharti hayakuwekwa wazi. 2016 kamati iliyotumwa na serikali ilipokea taarifa za vifo 65 na majeruhi 270, kampuni ikazipinga. Hata tuseme ni nusu yake. Hivi sheria ipi ya Tanzania inasema mwizi wa jiwe auawe?

Nzega Mjini:
Sijasema wauawe, usinilishe maneno. Waliopiga risasi ni polisi wetu, siyo Barrick. Umejijibu mwenyewe.

Mtoto wa Nyamongo:
Polisi wanalinda pale kwa makubaliano na mgodi. Nikikuajiri ulinde duka langu ukamvunja mtu mguu nami nimekaa hapo naangalia, nitasema sikujui?

Dada wa Isaka:
Samahanini naingilia. Mnagombana wizi wizi mi nataka kusema jingine. Mume wangu alifanya kazi kwa mkandarasi kwenye mgodi mmoja kanda ya ziwa, siutaji, chini ya ardhi miaka sita. Akaanza kukohoa. Akapimwa, karatasi ya majibu akaambiwa itatumwa, haikutumwa, mkataba ukaisha na hakuitwa tena. Tulipouliza mgodini wakasema huyo ni wa mkandarasi, mkandarasi akasema nendeni mgodini. Sasa hivi hawezi kubeba hata ndoo ya maji. Hiyo 16% ya hisa iko sehemu gani ya kifua chake?

Mstaafu wa Mwadui:
Pole sana mama. Huo mchezo wa mkandarasi naujua, mgodi unakuwa na watu wengi ambao kwenye vitabu vyake hawapo. Mpeleke WCF mkawaone, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, na mwajiri anayemhusu ni yule aliyesaini mkataba wake. Kama mna hata salary slip moja iwekeni, msimpe mtu ile halisi.

Dada wa Isaka:
Ninazo nne. Asante baba.

Chai ya Kericho:
Nyinyi watu wa TZ angalau mko na 16% ya kuzozania. Huku Kericho mkoloni alichukua ardhi ya Wakipsigis na Talai, Talai wakapelekwa Gwassi 1934 kama mizigo, mashamba yakawa ya chai, uhuru ukaja na chai ikabaki kwa makampuni. 2022 kampuni moja kubwa ikauza biashara yake ya chai kwa wawekezaji wengine, watu wenye ardhi hawakuulizwa hata kidogo. Mwaka huohuo wakaipeleka Uingereza kwa mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya. Kwa hivyo mimi naona Magufuli aliwafanyia kazi.

Nzega Mjini:
Sasa Mkenya naye anatufundisha. Bakini na chai yenu, hapa tunaongelea dhahabu.

Chai ya Kericho:
Boss sijafundisha mtu. Nimesema mlipata kitu ambacho sisi tumenyimwa. Hilo ni tusi?

MwanaHesabu:
Nzega acha hizo, jamaa kaongea vizuri na kisa chake ndo chetu. Kampuni linauzwa juu kwa juu wenye ardhi wako chini hawana habari. African Barrick Gold ikageuka Acacia 2014, Acacia ikamezwa tena na Barrick 2019, sasa tunaambiwa Twiga, kampuni ya ubia wa Barrick na serikali. Mtu aliyedhulumiwa zamani akienda kudai anaambiwa lile kampuni halipo tena. Wengine kutoka Mara walifungua kesi Canada 2022, na 2024 jaji akasema mambo haya mahali pake ni Tanzania.

Mtoto wa Nyamongo:
Na hapo mimi ndo naishiwa nguvu. London wamalizane kimya kimya, Canada waseme nendeni kwenu, na kwenu ndo polisi walewale.

Kisima cha Kale:
Wakuu nawaomba turudi kwenye nusu kwa nusu. Nani ameiona? Mwenye mahesabu ya Twiga aweke.

Nzega Mjini:
Kisima subiri nimalizane na huyu. Mtoto wa Nyamongo, tegesha umeiruka. Nimefika huko, nimeona kwa macho yangu nyumba hazina mtu, bati juu, mlango hamna, zimepangana kama makaburi. Hiyo siyo dhuluma?

Mtoto wa Nyamongo:
Sijairuka, umenikatisha. Tegesha ipo. Nyumba zipo, miche imepandwa mpaka huwezi kupita katikati, na kuna wakubwa kutoka mjini wanaoleta hela watu wajengewe halafu wagawane, hao hata sisi tunawajua na hatuwapendi. Lakini uliza ilianzaje. Mthamini anakuja, anapima shamba lako, anakwambia usiendeleze chochote. Usijenge, usipande mahindi. Sheria inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita, ikipita inadaiwa riba. Unakaa. Mwaka unapita, hulimi, hulipwi, watoto wanakuangalia. Jirani aliyekaidi akajenga anaandikiwa pesa nyingi kuliko wewe uliyetii. We ungefundisha watoto wako nini hapo?

Na maji. 2009 mto Tigithe uliingiwa na sumu kutoka mgodini, 2019 NEMC, baraza la mazingira, wakaupiga mgodi faini ya bilioni 5.6 za Kitanzania kwa bwawa la taka linalovuja. Miaka kumi kati ya hizo mbili, maji ni yaleyale na ng'ombe wanakunywa humohumo. Faini inakwenda serikalini. Mwenye ng'ombe alipata nini?

Mstaafu wa Mwadui:
Kisima swali lako hili hapa limejibiwa nusu. Mimi nasema tulishinda kwenye karatasi na hilo nalisimamia mpaka kufa, nchi inayojiheshimu haiachi dhahabu yake iandikwe na mnunuzi. Lakini hela ikifika Dar imefika Dar. Kuna ule ushuru wa huduma, asilimia ndogo ya mauzo inayoenda halmashauri, kuna mpango wa mgodi kwa jamii ambao kwa sheria lazima upite halmashauri. Hizo ndo za kufuatilia. Wangapi hapa wamewahi kukaa kwenye kikao cha kijiji kinachosomewa hizo hela?

Mtoto wa Nyamongo:
Mimi nimekaa. Vitatu. Mara zote tunasomewa madarasa, na madarasa yapo sikatai, watoto wamekaa kwenye madawati. Tukiuliza zilikuja ngapi tunaambiwa swali hilo liletwe kwa maandishi.

Dada wa Isaka:
Na mkiandika?

Mtoto wa Nyamongo:
Tuliandika mwaka juzi.

Nzega Mjini:
Ndugu yangu, neno mwizi nimeliondoa, na lile la Wakurya pia, nililisema kwa hasira. La tegesha bado sijakubali.

Mtoto wa Nyamongo:
Nimepokea. La tegesha njoo kesho usiku nikitoka kazini, sijakuambia bado la mama yangu.