Moto umepanda mlimani umekula shamba la miti Makete, kijiji kizima kinasema ni wawindaji. Nifanyeje?

Mteremko_Makete:
Wakuu habari zenu. Nina shamba la paini huku Makete, liko kwenye mteremko, kwa juu limepakana na nyasi za kijiji halafu ukivuka korongo unaanza msitu wa asili. Wiki iliyopita moto kichaa ulianzia bondeni mchana, upepo ukaubeba kupanda juu na ndani ya muda mfupi tu ulikuwa umeshaingia kwenye miti. Watu walijitahidi kuupiga kwa matawi mabichi lakini kwenye ule mwinuko hukai mbele yake. Jirani yangu mwenye milingoti kaungua, na mzee mmoja wa kule juu mizinga yake ya nyuki imeteketea yote, huyo ndiyo ananiuma zaidi kwa sababu asali ndiyo ilikuwa inamlipia kila kitu.

Paini zangu changa zimebaki vijiti vyeusi, hizo nimeshazikubali. Shida ni zile kubwa, gome limeungua chini mpaka kama usawa wa kifua lakini juu bado zina majani ya kijani. Sasa sijui zitapona au nikate niuze kabla hazijaoza, na madalali wameshaanza kupiga simu.

La pili, kijijini kila mtu anasema ni wawindaji, kwamba kuna vijana walionekana na mbwa wakifukuza ndezi kwenye nyasi. Mtendaji ameitisha mkutano na kuna watu wanataka mtu yeyote mwenye mbwa au upinde asionekane tena mlimani. Mimi sikuona nani kawasha na sitaki kumsingizia mtoto wa mtu. Wenye uzoefu naombeni msaada, na wawindaji kama mpo humu pia semeni.

Fundi_Misitu:
Pole sana mkuu, na mpe pole huyo mzee wa mizinga.

Kuhusu zile kubwa usikate kwa hasira na usimsikilize dalali kwanza. Chukua panga, chonga kipande kidogo cha gome pale palipoungua, uangalie ule utando wa chini ya gome. Ukikuta mweupe na una unyevunyevu hapo mti uko hai, ukikuta umekuwa wa kahawia, mkavu au unanuka kama kitu kilichochacha hapo pameshakufa. Fanya hivyo pande zote nne za shina, na zaidi upande unaotazama mlimani, kwa sababu moto ukipanda mteremko ndimi zinazunguka shina na kukaa zaidi upande wa juu, halafu hata majani makavu yanajikusanya hukohuko. Mtu anachonga upande wa chini anakuta pazuri anafurahi, baada ya miezi mti unanyauka. Kama utando umekufa kuzunguka shina lote hata majani yawe kijani leo huo mti hauna maisha. Angalia na kilele, paini ikiungua majani karibu yote haichipui tena, tofauti na milingoti.

Zilizokufa usizichelewesheee. Paini iliyoungua inaingiwa na wadudu wa chini ya gome na ukungu wa bluu, na huo ukungu unaanza ndani ya wiki chache tu kukiwa na joto. Mbao ya bluu nguvu yake haipungui sana ila mnunuzi akiiona anashusha bei. Mwenye dingdong, ile mashine ya kupasua mbao, atakwambia pia makaa ya kwenye gome yanakula meno ya msumeno na hapo anasema kweli, kwa hiyo menyeni magome kwanza kabla ya kupasua, hapo unamnyima sababu ya kukushusha. Panga na wenzako walioungua mlete mashine moja kwa pamoja maana mkienda mmoja mmoja mtanyongwa bei.

Jirani wa milingoti mwambie asing'oe kitu. Iliyokufa juu aikate chini karibu na ardhi, mkato uwe wa mshazari ili maji yasituame kwenye kisiki, itachipua, baadaye anapunguza anaacha machipukizi mawili au moja lenye nguvu. Miti iliyoungua anaweza kuuza kuni kwa viwanda vya chai au kuchoma mkaa akiwa na kibali.

Kamwene_Njombe:
Kamwene wote. Mimi nimezaliwa na kukulia milima hii na niseme ukweli ambao kwenye mkutano watu huwa wanaumeza. Wawindaji wa ndezi wanachoma, ndiyo, wanachoma nyasi mnyama atoke upande wenye nyavu na mbwa. Warina asali nao wanaacha mienge inafuka kwenye mti mkavu wanaondoka. Lakini moto unaoanzia bondeni, mchana, mwezi wa tisa, wakati kila kaya inaandaa shamba la ngano na viazi? Nendeni mkaangalie mipaka ya mashamba ya kule chini kwanza. Na wafugaji wanachoma ili nyasi mpya zichipue. Mwindaji ni rahisi kumtaja kwa sababu hana shamba la kuonyeshea na mara nyingi ni kijana asiye na mtu wa kumtetea kikaoni.

Halafu kuna jambo kubwa zaidi. Nusu ya mashamba ya miti huku mwenye nalo yuko Dar au Mbeya. Amenunua, amepanda, karudi zake, hajapogolea, matawi makavu yanagusa ardhi, kinga moto, ile njia tupu ya kuzuia moto, imeota nyasi ndefu kuliko mtu. Moto ukitokea kijana wa kijiji anaambiwa akauzime bila hata maji ya kunywa, shamba la mtu asiyemjua sura, na huyo huyo mwenye shamba mwaka jana alimfukuza asikate kuni. Atakimbia kweli? Sisemi ni sawa, nasema ndivyo ilivyo. Anayeishi na watu vizuri shamba lake linazimwa, nimeona mara nyingi.

Mteremko_Makete:
Kaka Kamwene nimekusoma na umenigusa. Mimi naishi hapahapa lakini kweli upande wa chini nimepakana na shamba la mtu wa mjini, halijapogolewa tangu lipandwe, na moto ulipofika pale ndipo ulipopanda juu ya vilele. Hapo kabla ulikuwa wa chini chini tu watu wanaumudu.

Fundi nimechonga leo asubuhi kama ulivyoelekeza, upande wa mlimani nyingi zimekufa. Kwenye mstari wa juu kabisa kuna zilizo nzima pande zote.

Kibali_Mkononi:
Naomba na sisi tusikike. Mimi nawinda kwa kibali cha maliasili na siwindi kwenye hifadhi, na msimu wetu kwa kawaida unafunguliwa Julai, yaani uleule wakati nyasi zinakauka, kwa hiyo kila moshi ukionekana na sisi tuko porini tunatajwa.

Watu wanadhani moto ni faida kwa mwindaji. Kwa wiki chache ndiyo, nyasi changa zikichipua nsya na pongo wanatoka kula na mnyama anaonekana toka mbali. Anayefaidi hapo ni jangili, anavuna mpaka vitoto. Baada ya hapo hakuna kitu. Nimetembea kwenye korongo lililoungua, majivu yamefika kwenye kifundo cha mguu, kimya hata ndege hakuna, na nyasi zilivyoungua ndipo unaona waya za mitego zinaning'inia kwenye visiki, nyingine bado zina mifupa. Nilizikata nilizoziona nikazipeleka kwa askari wa wanyamapori.

Kinachoniumiza zaidi ni ukingo wa msitu. Moto ukipita mara moja msitu mbichi wa mlimani mara nyingi hauungui wote, unaungua ukingo. Mwaka unaofuata pale ukingoni pameota nyasi na magugu, yanakauka, yanaungua tena, msitu unarudi nyuma hatua kwa hatua. Minde, yule nsya mkubwa wa msituni, anaishi humo ndani kwenye giza, hapatikani nchi nyingine yoyote zaidi ya hapa Tanzania, yuko kwenye milima michache tu kama Kilimanjaro, Udzungwa na huku kwetu Rungwe na Livingstone. Yule akikosa kivuli hana pa kwenda. Huyo hawindwi na mtu mwenye akili, lakini moto unamwinda bila kibali.

Kama mtatufukuza mlimani mtapoteza watu wanaouona moshi wa kwanza. Sisi na warina asali ndio tuko juu alfajiri, nyie mko nyumbani.

Kihamba_Moshi:
Poleni sana ndugu zetu wa Nyanda za Juu. Sisi wa Kilimanjaro tunaelewa. Oktoba 2020 mlima uliungua siku kadhaa, mamia ya watu walipanda kuuzima, wanafunzi, wapagazi, wanakijiji, na eneo lililoungua likatajwa kuwa karibu kilomita za mraba 95. Oktoba 2022 tena ukawaka upande wa Karanga. Kule juu mwinuko ulivyo na hewa ilivyo nyepesi mtu anabeba maji mgongoni anachoka kabla hajafika kwenye moto.

Nataka mwenye ardhi wa chini aelewe hasara yake hata kama shamba lake halijaguswa. Ile miti ya juu iliyojaa ndevu za kuvumwani inakamata ukungu, matone yanashuka ardhini, ndiyo maji ya mito na ya mifongo, yaani mifereji yetu ya asili. Ikiungua ukungu unapita tu. Ripoti ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ya 2016 ilisema tangu 1976 Kilimanjaro imepoteza hekta 13,000 hivi za msitu, sababu kubwa moto, na maji yanayopotea ni sawa na ya kunywa ya watu milioni 1 kwa mwaka. Mimi nina migomba na kahawa kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha babu, mfereji uliokuwa na maji mwaka mzima sasa kiangazi tunagombana zamu. Kwa hiyo huyo kijana wa ndezi na huyo mzee wa mizinga na sisi wa migomba wote tumo.

Wanjohi_wa_Mlima:
Salamu kutoka upande wa Mlima Kenya. Huku kuwinda kulipigwa marufuku 1977 lakini moto haukuisha, Machi 2012 mlima uliwaka vibaya sana, kwa hivyo nawaambia tu kufukuza wawindaji pekee hakutawasaidia. Kitu kimesaidia kwetu ni vyama vya jamii vya misitu, vilikuja na sheria ya misitu ya 2005. Ukitaka kulisha ng'ombe, kuweka mizinga ama kuokota kuni ndani ya msitu unajiunga na chama, na kazi moja ya chama kisheria ni kusaidia kuzima moto. Yaani mtu anapata kitu na anatoa kitu. Si kamilifu, kuna maafisa na kuna siasa, lakini moto ukitokea kuna watu wanajua ni kazi yao na kuna namba ya kupiga.

Fundi_Misitu:
Wanjohi umesema jambo. Hata hapa Sheria ya Misitu ya 2002 inakataza kuchoma ovyo, mtu anatakiwa apate ruhusa na awape taarifa majirani, na akiuachia moto ukaenda kwa mwingine anawajibika. Shida ni ushahidi, kwa hiyo kwenye mkutano msipoteze siku nzima kutafuta mkosaji. Wekeni sheria ndogo ya kijiji yenye tarehe, baada ya tarehe fulani hakuna anayechoma shamba bila mwenyekiti wa kitongoji kujua na bila watu kusimama. Kuchoma kufanyike asubuhi mapema au jioni, si saa nane. Milimani mchana hewa inapanda, usiku inashuka, na kila mteremko ukiongezeka nyuzi 10 kasi ya moto karibu inaongezeka mara mbili, kwa hiyo moto wa bondeni mchana ni mbaya kuliko wote. Wenye mashamba wa mjini wachange hela ya kulima kinga moto, upana usipungue mita 10 upande wa nyasi, na wapogolee. Asiyechanga jina lake lisomwe mkutanoni.

Mteremko_Makete:
Asanteni sana. Nitapendekeza wawindaji wenye vibali, warina asali na wafugaji wawe kwenye kikosi cha moto na wapewe namba ya mtendaji na hela ya vocha, na sisi wenye miti tuchange panga, makoleo na mabomba ya mgongoni, na chakula siku ya moto. Yule mzee nimeongea na jirani tumchangie mizinga kabla ya msimu wa maua.

Swali la mwisho kwa Fundi, zile changa nikishang'oa naweza kupanda paini palepale mvua za Desemba zikianza au nisubiri mwaka mwingine?

Fundi_Misitu:
Moto umetokea Septemba kwa hiyo Desemba mwishoni au Januari ni sawa, ila usiharakishe kabla ya hapo hata mvua ikiwahi. Kuna kuvu anaamshwa na joto la moto ardhini, anashambulia mizizi ya miche ya paini, na anapungua nguvu baada ya miezi mitatu hivi. Pale ulipochoma marundo ya matawi ndipo anakuwa mkali zaidi, hapo panda mwisho kabisa. Na ukiona vimiche vinajiotea vyenyewe usishangae, makoko yenye mbegu ya paini aina ya patula yanafunguka kwa joto, lakini usivitegemee, nunua miche ya mbegu bora. Mstari wa chini kabisa unaopakana na yule wa mjini usipande kitu, uache uwe kinga.